Godoro la Mpira Nililombadilishia Rasoa

Nimekosa. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukanionea huruma katikati ya habari. Hakuna aliyenituma, sikuwa nimelewa, wala shetani sikumwona. Ulikuwa wivu tu, na mkono ulioshika sindano ulikuwa wangu.

Jina langu siandiki. Walio Nakuru na wanaonijua watanijua, na hao tayari hawanisalimu.

Nilikuwa fundi wa magodoro. Duka letu lilikuwa barabara ya maduka ya Wahindi, si mbali na stesheni. Tajiri wangu aliuza mbele, mimi nikishona nyuma, katikati ya pamba na vumbi. Tulishona ya majani kwa watu wa mashamba, ya pamba kwa makarani, na ya manyoya ya farasi kwa wazungu wazee waliokataa kubadilika. Halafu yakaja ya mpira kutoka Ulaya, na watu wakaanza kuingia dukani kuyabonyeza tu na kucheka.

Kabla ya kuja mjini nilifanya kazi kwenye shamba moja la kahawa kule Kabazi. Nilikuwa kijana sina baba sina mama. Nililala kwenye stoo ya magunia. Kulikuwa na mama mmoja mchuma kahawa, mjane, ambaye jioni aliponiona nimekaa peke yangu aliniita kwake. Aliniwekea ugali na mboga mbele yangu. Kesho yake akaniita tena. Mpaka ikawa ikifika jioni na sijatokea, ananitafuta yeye mwenyewe kambini akiuliza, "Mwanangu yuko wapi? Amekula?"

Mama huyo alikuwa na binti mmoja tu, Rasoa.

Nilimpenda Rasoa! Lakini sasa sikiliza ujinga wangu: sikumwambia. Hata siku moja. Nilikuwa naangalia sahani, nakula, naaga, naenda kulala kwenye magunia nikiwaza. Nikajiambia, nitaenda Nakuru, nitapata kazi ya maana, nitarudi nimevaa viatu, ndipo nitasema. Nikaenda. Nikajifunza kushona. Nikanunua viatu. Na siku moja mtu wa Kabazi akapita dukani kununua uzi, akaniambia kama mtu anayesema habari za mvua, "Rasoa ameolewa. Amechukuliwa na mtu wa reli."

Sindano iliniingia kidoleni mpaka kwenye mfupa.

Unaona? Hakuniacha, kwa sababu hakuwahi kunishika. Hakunidanganya, hakunivunjia ahadi. Lakini mimi tangu siku ile nilitembea kama mtu aliyeibiwa. Nikisikia treni ikipiga honi, naacha kushona. Nikiona mtu amevaa koti la buluu la reli lenye vifungo vya shaba, namwangalia viatu, namwangalia meno, nawaza, je, ni huyu?

Basi wakaja wote wawili dukani.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Nilimsikia kabla sijamwona, sauti ile ile, na salamu ile ile ya kwao. "Mulembe! Kumbe uko hapa? Mama amekuwa akikuulizia siku zote!" Akanishika mkono kwa mikono miwili kama ndugu. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, amefunga kitambaa cha maua kichwani. Nyuma yake alisimama mume wake, Wafula, mrefu, anachochea moto wa treni, mikono mipana kama sepeto. Akavua kofia kunisalimu. Hata adabu alikuwa nayo! Ningefurahi sana kama angekuwa mtu mbaya.

"Fundi," akasema, "mke wangu anasema wewe ni mtu wao. Basi tuchagulie. Tunataka godoro, lakini si la kubahatisha. Tunataka mpira mtupu."

Tajiri akaniita niwaonyeshe. Nikawatolea yaliyokuwapo. Moja lilikuwa la pamba na juu limewekwa mpira mwembamba, la watu wanaotaka kusema wana mpira. Wafula akabonyeza, akatikisa kichwa. "Hili ndani lina kitu kingine."

Ni kweli. Nikawatolea lile zuri. Lilikuwa utomvu wa mti tangu juu hadi chini, bila pamba, bila manyoya, limetobolewa vitundu vidogo vidogo ili lipumue. Ukiliinua ni zito kama mtu aliyelala usingizi. Ukilibonyeza kwa ngumi linarudi taratibu, halina haraka, halibaki na shimo. Na harufu yake ni ya maziwa yaliyoungua kidogo. Niliwaeleza yote hayo, na nakiri kwamba wakati ule nilikuwa nasema kweli, kwa sababu napenda kazi yangu.

Wafula akamwambia mkewe, "Lala basi, tuone."

"Hapa mbele za watu?" Rasoa akacheka. Lakini akavua viatu. Akakaa, akajilaza, akageuka kwa ubavu, akafumba macho. Akakaa hivyo. Halafu akaniuliza, macho bado amefumba, "Na mtu akilala ubavu mmoja siku nzima? Haitamuumiza?"

Siku nzima! Moyo wangu uliungua. Nilisikia neno hilo jinsi nilivyotaka kulisikia. Niliwaona wawili hao katika nyumba yao ya reli, mlango umefungwa, Jumapili nzima. Nikajibu, "Haitaumiza," na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine.

Akainuka, akavaa viatu, akaja karibu yangu. "Ndugu yangu, nataka nikwambie, hili godoro ni la..."

"Usiniambie!" nikamkata. "Mambo ya nyumba yenu ni yenu. Mimi ni fundi tu."

Akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona ameshangaa. Wafula akalipa, akaomba nishone kitambaa kigumu cha mistari juu yake kwa sababu ya vumbi la njia. Nikawaambia warudi jioni.

Njia gani yenye vumbi, na nyumba za reli ziko pale pale? Wala sikujiuliza. Mtu mwenye wivu hasikii maneno, anasikia kifua chake tu.

Sasa nakuambia nilichofanya.

Nyuma ya duka kulikuwa na godoro jingine la mpira. Memsahibu mmoja wa Ndabibi alilileta tulitengeneze, tukakuta haliwezi kutengenezwa. Watumishi wake walikuwa na desturi ya kulianika juani, na mpira wa kweli haupendi jua. Linaukausha. Godoro lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na ukilikunja linapasuka, linadondoka vipande kama mkate mkavu. Memsahibu akanunua jingine. Tajiri akaniambia, "Hii tupa."

Sikulitupa. Nililiweka mezani. Mahali ambapo mtu hubonyeza kwa mkono, pale katikati, nikakata na kupachika kipande kizuri cha mpira. Juu nikatandaza pamba. Kisha nikalivika kitambaa kipya cha mistari na nikashona. Nilishona vizuri kuliko siku zote! Mishono midogo, iliyonyooka, pembe zimekaa sawa. Kama ungeniona ungesema nashona nguo ya harusi.

Jioni Wafula akaja na mkokoteni. Akabonyeza katikati, likarudi. Akanipa mkono. "Asante sana, fundi. Umetusaidia." Nikautazama mkokoteni ukienda mpaka ukakata kona.

Lile zuri nililichukua mimi. Tajiri alidhani nimebeba lile lililooza, hakuuliza neno. Nililitandika chumbani kwangu mtaa wa Bondeni na nikalala juu yake, mahali pale pale Rasoa alipolala kwa ubavu. Usinicheke. Nilidhani nitapata kitu. Godoro lilikuwa laini ajabu na mimi niligeuka huku na huku kama mtu aliyelala juu ya kokoto, nikiwaza, sasa mpira wao umeanza kumeguka, sasa wanagombana, sasa anamwambia mumewe, "Umenunua takataka!" Hiyo ndiyo furaha niliyokuwa nayo. Furaha gani hiyo?

Mvua zikaja, zikapungua. Siku moja Wafula akaingia dukani akiwa na koti lake la kazi, jeusi kwa makaa ya mawe. Akafungua kitambaa cha mkononi juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na makombo ya mpira, ya rangi ya chai.

"Bwana," akamwambia tajiri kwa upole, "tulinunua mpira mzima. Umekuwa hivi. Ndani kuna mabonge na mashimo. Tufanye namna gani?"

Tajiri akanigeukia. Alikuwa mtu mkali lakini mwenye haki. Kama ningesema, angewapa jingine siku ile ile na kunifukuza. Nililijua hilo. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka:

"Mliliweka juani?"

Wafula akafikiri. Akasema polepole, "Mke wangu alilianika. Mara moja tu, ule upande. Mama alikuwa amelichafua, usiku hawezi kuinuka."

"Mama gani?" nikauliza.

"Si mama mkwe? Mama yenu wa Kabazi. Aliteleza na kikapu cha kahawa, akavunjika nyonga. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wanasema alale tu. Analalia ubavu mmoja, ule mwingine hauguswi. Daktari ndiye alisema tutafute mpira mtupu, asije akatoka vidonda." Akayakunja makombo yake. "Na sasa ametoka vidonda."

Kombo moja lilibaki juu ya kaunta, nikalifuta kwa kiganja.

Tajiri akasema, "Kama ni jua, bwana, duka halina kosa." Akanitazama nithibitishe. Na mimi nikathibitisha! Nikatikisa kichwa juu chini, ndiyo, ni jua, mpira haupendi jua. Mama aliyenitafuta kambini ili nile ana vidonda kwa mkono wangu, na mimi natikisa kichwa.

Wafula akavaa kofia. "Basi kosa ni letu. Sijui nitamwambiaje mke wangu. Ndiye aliyelianika."

Ungedhani wivu wangu ulikufa hapo. Haukufa! Nataka niseme ukweli wote: alipotoka, pamoja na hofu yote, kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyowaza, sasa watagombana. Hivyo ndivyo wivu ulivyo. Hauna aibu hata mbele ya mgonjwa.

Hawakugombana. Nilimkuta Rasoa sokoni, Jumamosi iliyofuata, ananunua dawa ya kuoshea vidonda na mafuta ya mgando. Amekonda, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Akaniona, na badala ya kunikwepa akanijia.

"Ndugu yangu, asante kwa kumwambia Wafula ukweli," akasema. "Nisingejua. Ningeendelea kumlaumu mtu wa duka bure. Ni mimi niliyemwumiza mama."

"Rasoa..."

"Hapana, ni mimi. Niliona jua zuri, nikaona litakauka haraka. Sasa nimemtandikia majani na magunia. Ninamgeuza, analia, anajificha nisione. Niambie wewe fundi, kuna kitu kingine ninachoweza kumwekea chini?"

Angenitukana ningevumilia. Alikuwa ananiuliza kwa heshima, kama anayemwuliza daktari, na mimi usiku wa jana nililala juu ya jibu lake!

Sikusema. Pale sokoni sikusema. Nilisema, "Nitaangalia." Nikaondoka nusura nikimbie.

Jumapili alfajiri nilivingirisha godoro, nikalifunga kwa kamba, nikapanda lori la maziwa linalopita njia ya Subukia. Turniboy, yule msaidizi wa dereva, akanitania kwamba naenda kuoa. Nikashuka njia panda, nikalibeba kichwani nikipanda mlima, katikati ya kahawa, mpaka kambini. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakasema, "Angalia! Yule kijana wa magunia amerudi na zawadi!"

Nyumba ilikuwa ile ile, udongo na nyasi. Wafula alikuwapo, siku yake ya mapumziko. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa, na chini yake harufu ile nyingine. Mama alikuwa amelala kwa ubavu juu ya magunia, amekuwa mdogo kama mtoto. Akageuza macho, akanijua mara moja.

"Mwanangu! Umekula?"

Nikainama kufungua kamba za godoro. Tukamwinua, Rasoa upande huu, Wafula upande ule, mimi nikatandika. Nikaona vidonda vyake. Sitaviandika hapa. Tukamlaza. Godoro likampokea polepole, nyonga ikazama mahali pake. Mama akatoa pumzi ndefu sana, akafumba macho, akasema, "Ah. Ah, watoto wangu." Tangu niingie hakuwa amekunjua uso, na sasa akaukunjua.

Kisha akaanza kunibariki. Aliwaita majirani waje waone. "Huyu sikumzaa," akawaambia, "lakini tazameni alichoniletea! Mungu ampe mke mwema, ampe watoto." Rasoa alikuwa amesimama mlangoni akilia, akiniangalia kwa shukrani.

Baraka zile zilinichoma kuliko tusi lolote. Nikamshika Wafula mkono, nikamwita Rasoa, tukatoka nje nyuma ya nyumba. Nikawaambia.

Nikawaambia yote. Godoro la memsahibu, kipande nilichopachika, kitambaa kipya, chumba changu cha Bondeni. Nikawaambia kwamba jua la siku moja halikufanya kitu. Na Rasoa aliponiuliza kwa nini, nikamwambia na hilo pia. Nikamwambia nilimpenda. Ndiyo mara ya kwanza kulisema, na nililisema mahali pale, na kwa sababu ile!

Rasoa alinitazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Mimi sikujua," akasema. "Hata kidogo sikujua." Kisha sauti yake ikapanda. "Nimemwomba mama msamaha kila asubuhi. Kila asubuhi napiga magoti nikimwosha namwambia, mama, nisamehe, ni mimi nimekuumiza. Naye ananifariji mimi! Wewe ulikuwa unajua!"

Nikamgeukia Wafula. Nilitaka anipige, ile mikono yake mipana. Ningeshukuru. Hakunipiga. Alisema, "Kama ungeniibia mimi, ningekupiga tukaisha. Hili sijui linapigwaje."

Kuta za udongo ni nyembamba. Tuliporudi, majirani walikuwa wameinama, na mama macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia. Nikapiga magoti kando yake, nikasema, "Mama..."

Hakunitukana. Hakunilaani. Alimtazama binti yake na kusema kwa sauti ya chini, "Nigeuzeni."

Ule upande mwingine ndio uliovunjika. Rasoa akamwambia, "Mama, utaumia."

"Nigeuzeni nitazame ukuta."

Wakamgeuza. Alipiga kelele ya maumivu, na akakubali maumivu hayo kuliko kuutazama uso wangu. Nilibaki nikiutazama mgongo wake mpaka Wafula aliponigusa bega na kusema, "Nenda sasa."

Nilikwenda. Jumatatu nilimwambia tajiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango wa nyuma, akaonyesha nje kwa kidole. Hakukuwa na duka la magodoro lililonichukua tena.

Mama alifariki kabla kahawa haijaiva tena. Watu wa hospitali walisema nyonga ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Labda. Rasoa alituma neno kwamba alikufa akiwa amelala vizuri, na kwamba nisije. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama mbali, karibu na mashine ya kahawa, nikasikia udongo ukianguka. Hakuna aliyenipa sepeto.

Leo nashona magunia ya pareto mji mwingine. Gunia halihitaji mishono midogo.

Ndugu msomaji, dada yangu, sikuandikii haya ili uniambie pole. Nakuandikia wewe ambaye sasa hivi, unaposoma, kuna mtu unayemwangalia moyo ukiuma. Mke wa mwingine, ng'ombe wa mwingine, cheo cha mwingine. Siwezi kukuambia usione wivu. Mimi ni nani nikuambie? Ona wivu, kama huna njia. Lia nao. Panda nao mlima wa Menengai mpaka ukingoni, upige kelele shimoni, urudi nyumbani umechoka ulale.

Wivu ulio kifuani unamla mwenyewe tu. Ukishuka mikononi, hujui atakayelala juu ya kazi yake ni nani.